Wakati wa mapumziko, nani anajisifu kwenye televizio yetu?

Leo tunarudi nyuma kidogo katika historia, kujibu swali moja ambalo mzee mmoja aliniuliza na ambalo sikuweza kulijibu siku ile.

Ilikuwa usiku wa tarehe 7 Februari 2024. Leopards, timu yetu ya taifa, walikuwa Abidjan wakicheza nusu-fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya wenyeji, Côte d'Ivoire. Siku hiyohiyo barabara ya Sake ilikuwa imejaa watu wakikimbilia Goma: akina mama wenye magodoro kichwani, watoto wakibeba sufuria, wazee wakisukumwa kwenye chukudu. Wengine walifika mjini jioni, wakaweka mizigo chini, kisha wakaja kusimama mlangoni mwa chumba cha sinema cha mtaa wetu, maana hata mtu aliyekimbia anapenda kujua timu yake imefanya nini.

Wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wetu waliziba midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye kichwa, kama bunduki. Walitaka dunia ione kwamba mashariki ya Kongo watu wanauawa na hakuna anayesema. Jambo lile lilichukua sekunde chache tu. Mle chumbani kimya kilitanda. Mama mmoja aliyetoka Sake asubuhi ile alilia.

Mapumziko yakafika, hakuna aliyekuwa amefunga bao. Matangazo yakaanza. Moja, mbili, tatu, nne. Karibu yote yalikuwa ya kampuni ileile ya dekoda tuliyokuwa tunaitazama: nunua dekoda yetu, panda kwenye bukee kubwa, angalia stesheni yetu ya filamu, usikose mfululizo wetu mpya. Mzee mmoja wa Masisi, aliyekuwa ameishi kambini zaidi ya mwaka, akanigusa bega. «Mtoto wangu,» akasema, «mwenye chumba hiki amekwisha kulipa abonema. Na sisi tumemlipa yeye mlangoni. Sasa hawa watu wanatuuzia kitu gani tena? Na kama wako na dakika nyingi namna hii za kujisifu, kwa nini hawakuwapa wale vijana hata moja?»

Kabla sijapata jibu, mchezo ulirudi. Dakika ya 65 Sébastien Haller akatufunga, tukatoka na 1-0, tukaenda kulala na huzuni. Lakini swali la mzee lilibaki kwangu. Leo najaribu kulijibu.

Dakika ni kama sambaza

Tuanze na mahali desturi hii ilipotoka. Tarehe 28 Agosti 1922, radio ya WEAF ya New York iliuza nafasi ya hewa yake kwa kampuni ya biashara ya nyumba. Ndilo tangazo la kulipiwa ambalo watu wa historia ya radio wanalitaja kama la kwanza. Kabla ya hapo wenye radio walikuwa hawajui bado watapata feza wapi. Tarehe 1 Julai 1941, mjini humohumo, televizio ilitoa tangazo lake la kwanza halali: saa ya Bulova, sekunde 10, kabla ya mchezo wa beisiboli. Tangu hapo mambo yalikuwa wazi. Kipindi kinakusanya watu, na yule anayetaka kusema na watu hao analipa.

Lakini dakika ya televizio iko na tabia moja ngumu. Akina mama wanaouza sambaza pale Kituku watanielewa haraka. Sambaza isiyouzwa mpaka jioni inaharibika. Tena sambaza ni afadhali, kwa sababu unaweza kuianika juani. Dakika haianikwi. Saa 2 na dakika 15 ya usiku ikipita bila mnunuzi, imekwenda milele.

Sasa mwenye stesheni anafanya nini na dakika ambayo hakuna aliyeinunua? Kuonyesha kioo cheusi hawezi, watu watabadilisha stesheni. Basi anaweka tangazo lake mwenyewe. Halimgharimu karibu kitu, na linamsaidia kwa njia tatu: linakushika ili ungojee kipindi kinachofuata, linakuonyesha stesheni zake nyingine ambazo hujazilipia, na linakukumbusha kulipa tena mwisho wa mwezi.

Huko Marekani jambo hili limeingia mpaka kwenye mikataba. Kampuni inayopeleka televizio nyumbani kwa waya inapewa na stesheni nyingi dakika kama 2 za kila saa, iziuze kwa wafanyabiashara wa mji ule. Zile inazoshindwa kuuza, inajitangaza yenyewe. Ulaya nako sheria imewaachia mlango. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 iliweka mpaka wa matangazo kuwa asilimia 20 ya saa moja, yaani dakika 12. Lakini pale stesheni inapotangaza vipindi vyake yenyewe, dakika hizo hazihesabiwi.

Hilo ni jibu la kwanza kwa mzee wangu: wanajisifu kwa sababu dakika zile hazikupata mnunuzi, na kwa sababu wewe mwenyewe, mtazamaji, ndiwe mteja wanayemhofia asiwaponyoke. Lakini kwa sisi Wakongomani jibu hilo halitoshi. Hapa kwetu kujisifu kwenye televizio hakukuanza na dekoda.

Raisi alipotoka mawinguni

Televizio ya taifa letu ilianza Kinshasa mwezi wa Novemba 1966, mwaka mmoja baada ya Mobutu kuchukua utawala tarehe 24 Novemba 1965. Tangu mwanzo ilikuwa mali ya serikali, na serikali ilikuwa mtu mmoja. Inchi ilipoitwa Zaire mwaka 1971, shirika la utangazaji nalo likageuka kuwa sauti ya Zaire. Katikati ya miaka ya 1970 likajengewa jumba refu Kinshasa, kazi ya Wafaransa, lililokuwa kati ya majengo makubwa ya utangazaji katika Afrika. Jumba lile liko hadi leo, ndimo ilimo RTNC.

Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka namna habari za jioni zilivyokuwa zinafunguliwa. Mawingu yanaonekana angani, kisha uso wa Mobutu unajitokeza katikati ya mawingu, unashuka kama malaika. Habari zilikuwa hazijaanza bado, na mwenye inchi amekwisha kujitangaza. Katikati ya vipindi ziliwekwa nyimbo na ngoma za chama, MPR, ile iliyoitwa animation politique, watu wakicheza na kuimba sifa za kiongozi wakiwa wamevaa vitenge vyenye picha yake. Mwanzoni mwa mwaka 1975 mambo yalifika mbali zaidi: kwa majuma kadhaa vyombo vya habari vilikatazwa kutaja jina la kiongozi mwingine yeyote. Waziri alitajwa kwa cheo chake tu. Jina lilikuwa moja.

Tusisahau tangazo kubwa kuliko yote ya wakati ule. Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipigana ngumi Kinshasa, katika uwanja wa 20 Mai. Mobutu alikubali malipo ya dola milioni 10, milioni 5 kwa kila mmoja, ili jina la Zaire litajwe duniani kote. Pambano lilianza saa 10 ya alfajiri. Kwa nini alfajiri? Kwa sababu huko Marekani ilikuwa bado jioni, na watazamaji waliokuwa wanalipa tiketi kwenye majumba ya sinema walikuwa kule. Watu wa Kinshasa waliokuwa uwanjani walikesha ili saa zipatane na kioo cha wengine. Ali alishinda katika raundi ya 8, na hadi leo wazee wanasimulia kwa furaha. Lakini ukiuliza ile feza ilikuwa tangazo la nani, utajibiwa: la mtu mmoja na inchi aliyoiona kuwa yake.

Kwa wakati ule hakukuwa na kampuni iliyokuwa inatafuta abonema. Hata hivyo kazi ilikuwa ileile: mwenye mtambo anatumia kila nafasi tupu kujionyesha, na mtazamaji hana stesheni nyingine ya kukimbilia.

Kila mkubwa na stesheni yake

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Kisha Konferensi ya Taifa ilipofunguliwa Agosti 1991, watu walikusanyika kwenye radio na televizio kusikiliza majadiliano. Kwa mara ya kwanza walisikia kwenye hewa ya taifa watu wakimpinga mkubwa waziwazi. Katika miaka hiyo stesheni za watu binafsi zikaanza kuota Kinshasa. Tarehe 22 Juni 1996 ikatoka sheria namba 96-002 juu ya uhuru wa vyombo vya habari, na mlango ukafunguka kabisa.

Tulifurahi. Lakini nani alikuwa na feza ya kununua mitambo? Mara nyingi alikuwa mwanasiasa, au mfanyabiashara anayetaka kuwa mwanasiasa. Kufikia uchaguzi wa mwaka 2006, Jean-Pierre Bemba alikuwa na CCTV na CKTV. Digital Congo ilikuwa karibu na jamaa ya raisi Joseph Kabila. RTNC ya taifa ilikuwa kwa serikali kama siku zote. Baadaye Lubumbashi ikaona Nyota TV ya Moïse Katumbi. Ulikuwa unaweza kubadilisha stesheni usiku kucha, na kila mahali ukamkuta mwenye nyumba anajisifu. Mapumziko ya kipindi hayakuwa ya sabuni na bia peke yake: ni mkubwa akitoa magari ya wagonjwa, mkubwa akizindua daraja, mkubwa akibeba mtoto, na wimbo wenye jina lake ndani.

Chombo cha kusimamia mambo hayo kilikuwapo. Makubaliano ya Pretoria ya Desemba 2002 yalizaa taasisi tano za kusaidia demokrasia, na mojawapo ilikuwa HAM, Mamlaka Kuu ya Vyombo vya Habari, chini ya Modeste Mutinga. Ilijaribu kuzifungia kwa muda stesheni zilizokuwa zinatukana na kuchochea chuki. Tarehe 27 Julai 2006, siku tatu kabla ya kura, ofisi zake za Kinshasa zilivamiwa na kuporwa siku ya mkutano mkubwa wa kampeni. Mwezi uliofuata walinzi wa Kabila na wa Bemba walipigana kwa silaha nzito katikati ya mji mkuu. Tangu sheria ya tarehe 10 Januari 2011, kazi hiyo inafanywa na CSAC.

Na sisi wa mashariki tulikwisha kujua mapema nguvu ya kuwa na mtambo. Mwaka 1994 tulipokea wakimbizi wa Rwanda, na pamoja nao habari ya radio iliyokuwa imeweka muziki mtamu katikati ya maneno ya kuua. Tarehe 2 Agosti 1998 uasi dhidi ya Laurent-Désiré Kabila ulitangazwa kwenye radio ya hapa Goma. Bukavu, Radio Maendeleo, iliyoanzishwa na mashirika ya raia mwaka 1993, ilinyamazishwa na RCD mwaka 1999. Anayeingia mjini na bunduki hutafuta mtambo wa utangazaji kabla ya kutafuta soko. Anajua kwamba mwenye mtambo ndiye anayesema yeye ni nani.

Kampuni za dekoda zinafika

Wa tatu kuingia ni wafanyabiashara wa dekoda, na hawa ndio mzee aliokuwa anawaulizia.

Canal+ ilianza Ufaransa tarehe 4 Novemba 1984. Ilikuwa ni televizio ya kulipia, picha yake imefungwa kwa wasiolipa. Lakini saa fulani za siku waliifungua bure. Saa zile za bure zilikuwa tangazo lenyewe: unaonja, halafu mlango unafungwa usoni mwako. M-Net ya Afrika Kusini, iliyoanza Oktoba 1986, ilifanya vilevile kila jioni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Canal+ ikaanza kushuka Afrika. Mwaka 1995 watu wa M-Net na MultiChoice wakaleta DStv kwa setilaiti. StarTimes, kampuni ya Beijing, iliingia Afrika kupitia jirani yetu Rwanda mwaka 2008, ikiuza kwa bei ya chini.

Mwanzo kampuni hizi zilikuwa wapagazi tu. Zilibeba stesheni za wengine na kukuletea nyumbani. Baadaye zikaona faida kubwa iko kwa mwenye mzigo. Zikaanza kutengeneza stesheni zao. MultiChoice iko na SuperSport na jamaa ya Maisha Magic kwa Kiswahili. Canal+ ilianzisha A+ huko Abidjan mwaka 2014, na kwa ajili ya Kongo iko na Maboke TV yenye michezo ya Kilingala. StarTimes iko na stesheni nyingi zinazoanza na herufi ST, hata moja ya Kiswahili. Tangu hapo mapumziko yakabadilika. Mpagazi akawa pia muuzaji, na kila nafasi tupu barabarani anasifu mzigo wake mwenyewe kabla ya mzigo wa wengine.

Hapo ndipo kuna hatari ndogo isiyoonekana haraka. Stesheni ndogo ya Kivu inaweza kuwa ndani ya dekoda hiyohiyo, namba 300 na kitu, lakini nani ataitangaza wakati wa mapumziko ya mpira? Hakuna. Mtu anaweza kulipa mwaka mzima bila kujua kwamba stesheni ya jimbo lake iko mle ndani. Anajua saa ya mfululizo wa mbali, hajui saa ya habari za mji wake.

Tena maneno matamu ya mapumziko si ahadi. Majirani zetu wa Uganda, Kenya na Tanzania hawajasahau GTV. Ilianza mwaka 2007, ikanunua haki za mpira wa Uingereza, ikajitangaza sana kuwa ni televizio ya mtu wa kawaida. Mwishoni mwa Januari 2009 ilianguka. Watu walioamka kuwasha dekoda walikuta kioo kimekufa, na wengi walikuwa wamelipa mbele.

Mwaka 2025 jambo lingine kubwa limetokea: Canal+ imeichukua MultiChoice. Nyumba mbili zilizokuwa zinagawana Afrika, moja ya Kifaransa na nyingine ya Kiingereza, sasa ziko chini ya mlango mmoja. Nyumba ikiwa moja, anayejisifu wakati wa mapumziko anazidi kuwa mmoja.

Nisionee watu. Stesheni kujitangaza si dhambi. Radio ndogo isiyojulikana lazima iseme jina lake na masafa yake, kama sivyo nani ataitafuta? Kukuambia kwamba habari za Kiswahili ni saa fulani ni huduma. Na kampuni zile zimeleta mpira, filamu za watu weusi wenzetu, na kazi kwa vijana wengi wanaofunga antene na kuuza abonema mitaani. Tatizo linaanza pale nafasi yote inapokuwa ya mwenye nyumba, na mgeni aliye na shida kubwa zaidi hapati hata sekunde 30.

Sisi tulikuwa na desturi yetu

Hapa nataka tukumbuke kitu chetu. Katika miji na vijiji vya Kivu, mapumziko ya radio hayakuwa ya kampuni wala ya mkubwa. Yalikuwa ya kominike. Jamaa ya fulani wa Katana inajulisha jamaa ya Walungu kwamba baba yao amefariki. Mtoto wa miaka 6, amevaa shati ya buluu, amepotea karibu na soko la Virunga. Kadi ya uchaguzi imeokotwa, mwenyewe aje radioni. Mnalipa feza kidogo, msomaji anasoma kwa sauti ya polepole, mara mbili au tatu. Kwa radio nyingi ndogo hiyo feza ndiyo inayonunua mafuta ya jenereta.

Watu husikiliza kominike kwa makini kuliko habari. Nimeona mama akizuia watoto wasiseme, kwa sababu saa ya kominike imefika. Radio Okapi ilipoanza tarehe 25 Februari 2002, kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Tshiluba na Kikongo, jambo lililowashangaza wengi ni kusikia mtu wa Kisangani na mtu wa Bukavu kwenye hewa moja, wakati inchi ilikuwa imekatwa vipande na vita. Watu walisikia kwamba upande wa pili bado kuna ndugu.

Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22, serikali ya kijeshi ya jimbo iliamuru mitaa 10 ya Goma ihame mara moja. Watu laki kadhaa walishika barabara, wengine Sake na Minova, wengine Rutshuru, wengine wakavuka mpaka. Saa ile dakika moja ya hewa ilikuwa uhai. Hakuna aliyetaka kusikia habari za bukee.

Sasa nieleze jambo lililoniuma mimi mwenyewe. Baada ya Goma kuingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kambi za wahami zilizozunguka mji zilivunjwa katika majuma machache. Watu walirudi wengine Masisi, wengine Rutshuru, wengine hawakujua waende wapi. Watoto wengi walitengana na wazazi. Mama mmoja, jirani yetu wa muda, alikuwa ameachana na binti yake wa miaka 9 katika msongamano. Nilimsindikiza kwenye radio moja ya hapa. Tuliambiwa bei ya kominike. Hakuwa na kitu. Nikaomba isomwe bure. Wakatujibu kwa upole kwamba nafasi imejaa.

Jioni tulikaa kusikiliza radio hiyohiyo, mawe yake yakiwa karibu kuisha. Katikati ya vipindi viwili niliisikia ikisema jina lake mara tano: sisi ni wa kwanza, sisi ndio wenye kupendwa, kaeni nasi. Kisha muziki. Kisha mara nyingine. Mama alinitazama, hakusema neno. Binti yake alipatikana majuma matatu baadaye upande wa Minova, kwa njia ya kanisa, siyo radio. Siitaji radio ile, kwa sababu najua kwamba waandishi wake wanafanya kazi bila mshahara wa kweli na wanaishi kwa kupaji. Lakini dakika zilikuwapo. Zilitumika kujisifu.

Jibu kwa mzee

Mzee wangu wa Masisi, sijui leo uko wapi. Kambi uliyokuwa ndani yake haipo tena. Kama jamaa yako yeyote anakusomea haya, jibu langu ndilo hili.

Uliuliza wanatuuzia nini sisi tuliokwisha kulipa. Wanatuuzia mwezi unaokuja. Kabla yao wakubwa walikuwa wanatuuzia kura inayokuja, na kabla yao Mobutu alikuwa anatufundisha kwamba hakuna mwingine. Kila mara nafasi tupu ya hewa imechukuliwa na mwenye mtambo. Na uliuliza kwa nini wale vijana hawakupewa dakika. Kwa sababu hawakuwa wenye mtambo, walikuwa na sekunde za wimbo tu, wakazitumia vizuri kuliko wengi wanaopewa saa nzima.

Kwa ninyi wasikilizaji, naomba mambo matatu, na yote mnaweza kuyafanya bila feza.

Kwanza, ukiona stesheni inajisifu, uliza ni ya nani. Swali hilo dogo linakusaidia kupima pia habari zake, siyo matangazo peke yake.

Pili, ninyi wenye dekoda, tafuteni stesheni na radio za jimbo letu ndani ya orodha, muwaambie majirani namba yake. Hakuna atakayezitangaza kama siyo sisi.

Tatu, wenye radio na televizio za hapa, tunajua shida zenu, tunajua bei ya mafuta ya jenereta. Hatuwaombi muache kutaja majina yenu. Tunaomba kwamba katika kila saa, pale mnapotaka kujisifu kwa mara ya tatu, mara hiyo ya tatu iwe ya kominike ya mtoto aliyepotea au ya jamaa iliyotengana, bila malipo. Sekunde 30 zinatosha kusema jina, umri, nguo aliyovaa na mahali alipoonekana mwisho. Dakika ile mlikuwa hamuiuzi. Mkiitoa, watu watalijua jina lenu vizuri kuliko mkilirudia mara tano.

Tunawaombea amani ninyi nyote, na hasa ninyi ambao usiku wa leo mtalala kwenye shule, kanisani au kwa watu. Mwenye habari ya mtoto aliyepotea katika mtaa wake, atufikishie kwa wazee wa mtaa au wasimamizi wa makanisa. Tutaisoma.

Ni mimi mwandishi wenu, Goma.